Wang'uru: Sitara Baina ya Chupa Mbili



Wasomaji wetu watukufu, mama zetu, dada zetu na wana wetu, juma hili twawachukua mbali na bahari. Tulikwenda Wang'uru, mji wa mpunga ulioko kaunti ya Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya. Tulikwenda kutafuta mchele wa harusi. Mchele tuliupata, walhamdulillah, lakini kilichotushughulisha zaidi safarini ni samaki wawili wadogo waliokuwa dirishani mwa nyumba tuliyofikia.

Tulikuwa akina mama wanne wa mtaa mmoja wa Mombasa. Binti wa mmoja wetu alikuwa ameposwa, na mama yake aliapa kwamba pilau la siku hiyo halitapikwa kwa mchele asioujua ulikotoka. Mwezi ulikuwa Desemba na shule zimefungwa. Tulilala njiani, tukapumzika Nairobi, kisha tukapanda gari la Embu. Kutoka Nairobi mpaka Wang'uru ni takriban kilomita 100. Gari hupita Thika, kisha Makutano, ambako barabara ya Embu huiacha ile ya Nyeri na kuelekea kulia. Baada ya hapo nchi hutandazika. Vilima hubaki nyuma, na pande zote mbili za barabara huonekana majaruba, moja baada ya jingine, yakitenganishwa na matuta membamba na mifereji ya maji.

Aliyezoea kuuona mchele guniani hushangaa kuuona ulikozaliwa. Siku ile baadhi ya majaruba yalikuwa ya manjano yakingoja mundu, mengine yamekwisha kuvunwa na yangeyange wakitembea matopeni, na machache yaliyochelewa kupandwa yalikuwa bado kijani kibichi. Watoto walisimama matutani wakipiga makopo kuwafukuza ndege. Mjini, kando ya barabara, wanawake walikuwa wameanika mpunga juu ya maturubai na kuugeuza kwa miguu, na sauti za mashine za kukoboa zilisikika tangu mwanzo wa mji hadi mwisho wake.

Maji hayo hayakuja yenyewe. Mradi wa umwagiliaji wa Mwea ulianza katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, na mifereji ya mwanzo ilichimbwa kwa mikono ya wafungwa wa vita vya Mau Mau. Maji hutoka mito ya Thiba na Nyamindi, na mwaka 2022 Bwawa la Thiba lilikamilika ili kuyahifadhi. Mto Thiba huingia Tana, na Tana, kama tujuavyo sisi wa Pwani, huishia baharini Kipini. Kwa hiyo hata kabla hatujaula mchele wa Mwea, tulikuwa tayari tunashiriki maji na watu wake.

Mwenyeji wetu ni mama aliyezaliwa Majengo ya Embu, katika ukoo wa Kiislamu uliokaa huko kwa vizazi, na akaolewa Wang'uru. Alitupokea kwa chai ya tangawizi na neno ambalo mama wa bibi harusi alilihifadhi kama hirizi. "Dada zangu, msinunue mpunga wa juzi. Mchele mpya hushikana sufuriani. Pilau lataka mchele uliolala." Akatuonyesha magunia ya msimu uliopita, akatutia chembe mkononi tunuse. Harufu ya pishori ilijaa viganja.

Tukiwa tunanusa, tulisikia kelele za watoto chumba cha pili.

Nyumba ile ilikuwa na wavulana wawili, mmoja wa miaka 11 na mwingine wa miaka 8. Baba yao alikuwa amewaletea zawadi kutoka Nairobi, kila mmoja samaki wake wa aina ya beta, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu, wenye mapezi marefu kama mitandio ya hariri. Kila samaki alikuwa katika chupa yake ya kioo, na chupa zote mbili zilisimama dirishani, ubavu kwa ubavu, zikitazama majaruba. Watoto wa jirani walikuwa wamekaa sakafuni kama watu waliokata tikiti.

"Shikamoo, mama. Njooni mwone," mkubwa alituambia. "Wakitazamana hukasirika!"

Ilikuwa kweli. Mwekundu alikuwa ametanua mapezi yote na kufungua vifuniko vya matamvua hata kichwa kikawa kama kimevikwa kola. Alikijia kioo, akapiga mkia, akarudi, akakijia tena. Wa buluu naye alianza kumjibu, kisha akachoka. Alijibanza upande wa pili wa chupa yake, lakini chupa ni duara na haina pembe ya kujificha. Kila alipogeuka, adui alikuwa palepale. Pezi lake la mkia lilikuwa limechanika nchani, na vidonge vya chakula vya asubuhi vilikuwa vimelala chini ya chupa, havijaguswa.

"Wangu ndiye bingwa," alisema mkubwa.

Mdogo hakusema kitu. Mama yao, akipita na sinia, alimtania, "Samaki wako mvivu kama wewe. Mwone wa kaka yako!" Lilikuwa neno la mzaha, la kawaida katika nyumba zetu zote. Tulimwona mtoto akitazama chini.

Hapa yafaa tueleze samaki huyu ni nani, kwa kuwa siku hizi anauzwa hata Mombasa na Malindi, na wengi huwanunulia watoto bila kuijua tabia yake.

Kwao ni Thailand, nchi iliyokuwa ikiitwa Siam, na nchi hiyo ilimtangaza kuwa mnyama wake wa taifa wa majini mwaka 2019. Na kwao hasa ni wapi? Ni katika majaruba ya mpunga, mifereji na madimbwi yenye majani. Huyu samaki aliyekuwa akihangaika chupani mwa Wang'uru, alikuwa akitazama kupitia dirishani mahali panapofanana na nyumba ya mababu zake. Maji ya majaruba ni ya kina kifupi na hewa yake ni haba, kwa hiyo Mola amempa kiungo maalumu kichwani, juu ya matamvua, cha kuvutia hewa ya nje. Ndiyo maana huonekana akipanda juu kila mara kupiga funda la hewa. Ndiyo maana pia wauzaji humweka katika kikombe kidogo, na wanunuzi wakadhani kikombe kinamtosha. Kustahimili si kutosheka.

Dume wa samaki huyu ni baba wa ajabu. Hujenga kiota cha mapovu juu ya maji, chini ya jani. Jike akitaga, dume huyaokota mayai kwa mdomo, huyapanga mapovuni na kuyalinda, na likianguka moja hulifuata na kulirudisha. Ukali wake una kazi: analinda mahali pa watoto wake. Majarubani, dume mwingine akikaribia, hutanuliana mapezi na kutishana. Pengine huumana. Aliyeshindwa hukimbia, akapita nyuma ya mashina ya mpunga, akatoweka machoni, na mambo yakaisha.

Watu ndio waliobadilisha mambo. Huko Siam walimfuga kwa vizazi vingi, wakichagua wakali, wakawapambanisha na kuwekeana kamari. Baadaye wengine walichagua wenye rangi na mapezi marefu, ndio hawa wa madukani, lakini ukali ulibaki damuni. Ukiwatia madume wawili chombo kimoja, hupigana hata mmoja akaumia vibaya au akafa. Wengi wanalijua hilo, na huwatenganisha kwa kioo wakaona wamemaliza kazi.

Kioo huzuia meno tu. Macho huyaachia njia. Samaki hajui kioo ni nini. Yeye humwona adui mlangoni asubuhi, mchana na jioni, adui asiyeshindwa wala asiyekimbia, naye mwenyewe hana pa kukimbilia. Dume anayekaa katika hali hiyo kutwa nzima hudhoofika. Huacha kula, hupoteza rangi, huenda na kurudi kiooni bila kutua, na wengine hujitafuna mkia wenyewe. Wapo wafugaji wanaowaonyesha kioo cha kujitazamia kwa dakika moja au mbili ili wanyooshe mapezi, kisha wakakiondoa. Kunyoosha viungo kwa dakika mbili ni jambo moja, na kuishi vitani ni jambo jingine.

Tena macho ya samaki hayaoni na kusahau. Mwaka 1998 wanasayansi Rui Oliveira, Peter McGregor na Claire Latruffe walichapisha utafiti juu ya samaki hawa. Walimwacha dume atazame kupitia kioo madume wawili jirani wakipambana, kisha wakamkutanisha nao. Alichelewa zaidi kumkaribia yule aliyemwona akishinda kuliko yule aliyemwona akishindwa. Madume ambao hawakuuona ugomvi hawakuonyesha tofauti hiyo. Kiumbe mdogo kuliko kidole hukaa kando, hutazama magomvi ya wengine, na huyachukua moyoni. Sisi akina mama wanne, tuliolea watoto katika nyumba za vyumba viwili, hatukuhitaji kuambiwa hilo mara mbili.

Basi tulifanya nini pale Wang'uru? Mgeni hana amri katika nyumba ya watu. Tulinyamaza, tukaswali Adhuhuri, tukala. Baada ya chakula, mama mzazi wa mwenyeji wetu, bibi wa makamo ya miaka 80, aliyekuwa amekaa kimya barazani, aliinuka akachukua boksi tupu la tende. Alilichana ubavu mmoja, akaenda dirishani, akausimamisha ule ubao wa karatasi baina ya chupa mbili.

"Bibi! Unatuharibia!" mkubwa alilalamika.

"Nawastiri," alijibu bibi. "Kaa hapa nikwambie."

Akawaambia watoto, kwa maneno machache, yale ambayo wengi wetu tuliyasoma chuoni na kuyasahau. Imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuwachochea wanyama wapigane. Wanazuoni wameijadili isnadi ya hadithi hiyo, lakini kwamba kuwatesa viumbe kwa mchezo hakufai, hilo halina mjadala. Na katika Bukhari na Muslim kuna habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Kosa lake halikuwa kumfuga. Kosa lilikuwa kumziba njia zote.

Mdogo aliuliza kwa sauti ya hofu, "Bibi, kwani kufuga samaki ni haramu?"

Bibi alicheka, akamsimulia Abu Umayr, nduguye mdogo Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake akikichezea. Mtume hakumkataza, na kindege kilipokufa alimsemesha mtoto yule kwa upole na kwa mzaha wa kumliwaza. Kwa hadithi hiyo wanazuoni wamesema mtoto aweza kuwa na ndege wa kufuga, maadamu anatunzwa. "Fuga, mjukuu wangu. Lakini ukifuga, umekuwa mchungaji, na mchungaji ataulizwa."

Mkubwa alikaa akifikiri. Kisha akatoa rai ambayo mtoto mwema yeyote angeitoa. "Basi tukawatie mferejini. Si umesema kwao ni kwenye mpunga?"

Hapo baba yao, aliyekuwa ameingia kutoka shambani, alisema hapana, tena kwa ukali kidogo. Akawachukua watoto wote mpaka ukingo wa jaruba lililo karibu, nasi tukafuata na mabuibui yetu tukiyakunja yasiguse tope. Kwenye shina la mpunga, juu kidogo ya maji, akatuonyesha kishada cha mayai madogo ya rangi ya waridi. Yalikuwa mazuri mtu akadhani ni shanga.

"Huyu ni konokono mgeni," alisema. Alitueleza kwamba asili yake ni Amerika Kusini, kwamba huko Asia alipelekwa na watu kwa ajili ya kuliwa akaishia kuwa balaa la mpunga, na kwamba mwaka 2020 alithibitishwa kuwapo hapa Mwea. Hukata miche michanga usiku. Asubuhi mkulima hukuta maji matupu mahali alipopandikiza, naye huinama siku nzima kuokota konokono kwa mkono. Samaki mgeni akiachwa mferejini, ama atakufa kwa baridi ya usiku wa huku au kwa kuliwa, ama ataishi na kuwa shida kwa samaki wenyeji. Hakuna njia ya tatu iliyo njema. "Ukishamchukua kiumbe, huwezi kumtupa na kusema umemwachia Mungu," baba alimaliza.

Tuliirudi nyumbani kimyakimya. Mchana huo hatukununua mchele. Tulikwenda mjini na watoto, tukatafuta vyombo. Hatukupata matangi ya kioo, lakini tulipata ndoo mbili pana za plastiki, nyeupe, zisizoonyesha upande wa pili, kila moja ya lita 20. Maji ya mfereji tuliyaacha. Tulichota ya bomba, tukayaacha wazi usiku kucha ili dawa ya kusafishia maji itoke. Asubuhi tukawahamishia humo samaki taratibu, tukiwachanganyia maji mapya kidogokidogo wasishtuke. Juu ya kila ndoo baba alifunga wavu wa chandarua, maana samaki huyu huruka, na tukaacha nafasi ya hewa baina ya maji na wavu. Tukatia majani ya kujifichia. Ndoo moja ilikaa chumba cha wavulana, nyingine ukumbini.

Kuhusu baridi, mama mwenyeji aliahidi kuzihamishia ndoo karibu na jiko usiku wa Juni na Julai, kwa kuwa samaki huyu hutaka maji ya vuguvugu, baina ya nyuzi 24 na 28. Sisi wa Pwani, Mola ametusahilishia hapo. Lakini tuna neno kwa wenye matangi ya kioo majumbani. Usiku, taa ya tangi ikiwaka na chumba kikiwa giza, kioo hugeuka cha kujitazamia, na samaki hupigana na sura yake mwenyewe. Zimeni taa ya tangi mnapolala. Na kama mnao madume wawili katika matangi yanayokaribiana, wekeni baina yao kitu kisichopenya macho, hata kama ni kipande cha boksi. Hakigharimu senti.

Samaki wa buluu hakupona siku ile. Siku ya kwanza alikaa chini ya jani hakutoka. Siku ya pili, tukiwa tunafunga magunia ya mchele, mdogo alikuja mbio bila viatu. "Mama! Amekula! Amekula viwili!" Tukaacha kamba za magunia tukaenda kutazama. Alikuwa juu ya maji, mapezi yamelegea kwa raha, na pembeni, chini ya jani, palikuwa na mapovu machache madogo yaliyoshikana. Mkubwa naye alikuja, akainama kando ya nduguye. "Anajenga," alisema. "Wangu hajajenga bado." Alisema bila uchungu.

Mama yao alikuwa nyuma yetu. Tulimwona akifungua mdomo, na sote wanne tulijua ni neno gani lililokuwa njiani, kwa kuwa sisi pia tumelisema mara zisizohesabika: mwone mwenzako. Akalimeza. Akawapitisha mikono vichwani wote wawili, akasema, "Haya, nendeni mkanawe, chai tayari."

Tulirudi Mombasa na magunia matatu ya mchele uliolala. Harusi ilipita salama, na pilau lilisimama chembe chembe, sifa zikamwendea mpishi. Lakini njiani, gari lilipovuka Tana, mama wa bibi harusi alituambia jambo. Alisema ana mabinti wawili, na kwamba tangu mkubwa alipoposwa, kila siku mezani yeye humtaja posa huyo mbele ya mdogo, akidhani anamtia hima. Alisema mdogo siku hizi hula chumbani kwake. Hakuna aliyemjibu kwa muda. Kisha mmoja wetu akasema, "Ukifika, leo leo, usimtaje." Akaitikia kwa kichwa.

Sitara kwetu tumezoea kuifikiria ya nguo na ya pazia. Ipo pia sitara ya neno: kutomsimamisha mtoto mbele ya mtoto mwenziwe kutwa nzima, wakawa wanatazamana kwa hasira ambayo hawakuianzisha wao. Aliyezipanga chupa ndiye awezaye kuzitenga.

Twamwomba Allah azihifadhi nyumba zetu na watoto wetu, na atupe huruma kwa kila tulichopewa kukichunga. Wabillahi tawfiq.